Kaunta Buku

Alinichagua kwa mwandiko wangu, si kwa cheti.
Nilikuwa nauza chumvi ya Uvinza stesheni ya Kigoma,
naandika madeni kwa herufi zilizosimama wima,
naye akashuka daraja la tatu na makasha mawili,
akalisoma daftari langu kichwa chini miguu juu,
akasema: Wewe. Unajua kuchora mraba?

Mraba ni mwanamume. Duara ni mwanamke.
Anayeumwa, mjaze wino mpaka karatasi ilowe.
Aliyebeba bila kuugua, mtie nukta katikati.
Aliyekufa, mkate kwa mstari mshazari
toka begani hadi nyongani.
Hayo ndiyo masomo yangu yote ya vinasaba,
niliyapata juu ya gunia, treni ikipiga honi.

Miaka kumi na minane nikamfuata Daktari Eularia Ntibenda
Kalinzi, Simbo, Manyovu, kwenye tope la masika,
yeye na sindano, mimi na kaunta buku.
Wengine waliita baridi ya mifupa.
Wengine waliita mkono wa shangazi,
na shangazi wa watu akahama kijiji.

Simbo, baba mmoja alitukuta mlangoni kwake,
katoka shamba, jembe bado begani:
Mnaipima damu ya mke wangu ili nimwache, au?
Daktari akaketi kizingitini.
Akaomba mihogo miwili, akaipasua kati kwa kati.
Nusu hii yako. Nusu hii yake.
Mtoto hachukui mzima kwa mtu.
Yule bwana akatazama, akatazama,
akakila kipande chake kibichi,
akakunja mkono wa shati.

Damu ya mwaka wa kwanza iliharibikia Kaliua.
Mvua ilizoa reli, barafu ikaifuata mvua.
Mirija mia mbili na sita.
Hakulia. Alinituma kalamu mpya,
tukaanza tena, nyumba kwa nyumba,
na katika nyumba tisa
hapakuwa na wa kuchomwa, palikuwa na mistari ya kuchora.

Sasa wanasema makala yake imetajwa mara elfu mbili na ushei.
Imesomwa Kampala, imesomwa Lyon, imebishiwa São Paulo.
Nilioneshwa: Kiingereza chembamba kama sindano,
jedwali la pili, safu ya nne.
Nikawatafuta watu wangu humo.
Bwana wa muhogo amekaa ndani ya asilimia kumi na saba nukta nne,
hana jembe, hana mlango.
Nilitaka kukasirika,
kisha nikakumbuka ni mkono wa nani uliomgeuza mraba.
Na zahanati ya Mwandiga siku hizi
mtoto huchomwa kisigino kabla hajapewa jina,
nesi wala hajui desturi hiyo ilianzia wapi,
anafuta tone, anaita: Mwingine!

Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku
aliniambia niuache mweupe.
Nikadhani ni wa sahihi za wakubwa.
Usiku wa kuamkia sherehe ya kustaafu kwake umeme ulikatika,
akaufungua kwa tochi ya simu, akachora mwenyewe,
mkono ukitetemeka:
mraba wenye nukta, duara lenye nukta,
chini yao watoto watano.
Duara jeupe.
Mraba mweusi, mstari.
Mraba mweusi, mstari.
Duara jeusi. Hapo kalamu ilisimama kidogo. Mstari.
Wa mwisho, duara, na katikati nukta.

Hujaandika majina, nikamwambia.
Mwandiko wangu mbaya, akasema. Andika wewe.
Akanitajia kimoja kimoja, na nani alipenda kulala karibu na moto.

Kesho yake mgeni rasmi alisoma ile elfu mbili na ushei,
ukumbi ukapiga makofi.
Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa,
na wino kidoleni haujakauka.