Kama Nini?

Kabla ya homa ile Dorvalino hakuhitaji ua.
Alichanja gome mara moja, kwa ncha ya panga,
akasogeza pua, akataja jina,
na Jacirema akaandika bila kuuliza.
Miaka kumi na tisa, ng'ambo ya mto Negro,
pua moja ndiyo iliyokuwa kamusi yao.

Sasa ananusa, ananusa tena,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.
Kimya.

"Nusa wewe," anasema. "Kisha niambie. Kama nini?"

Jacirema ni msomi wa majani makavu.
Huko Manaus ana makabati ya chuma,
matawi yaliyolazwa chali juu ya karatasi.
Anajua kuhesabu vijani kwa jozi,
kutafuta kati ya jozi na jozi
kile kikombe ambamo sisimizi hunywa utamu,
kupasua ganda, kutazama mbegu zilivyopangana.
Lakini mti huu hauna ua, hauna ganda,
jani lake la chini kabisa liko mita thelathini juu,
na magoti ya Dorvalino yameikataa kamba.

Ananusa. "Kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha."

Mzee anacheka mpaka kofia inaanguka.
"Huo ni ukoo mzima! Kunde ni kunde.
Umenionyesha mji, nionyeshe mlango."

"Basi... sarafu. Sarafu aliyoifumbata mtoto
kutoka nyumbani hadi dukani."
"Na utomvu?"
"Mwekundu. Unachelewa kutoka."
"Kama jeraha, au kama kutu?"
"Kama chai iliyosahauliwa."

Wapasua mbao wangeuita angelim, yakaisha:
jina moja, miti kumi, bei moja.
Dorvalino halitaki jina hilo. Ni koti la mtumba,
kila mmoja linamwenea,
hakuna aliyeshonewa.

Anafumba macho. Anaweka kiganja kwenye chanjo,
anakiacha hapo muda mrefu,
mbu wanamla shingo, hawafukuzi.
"Huu," anasema, "sijawahi kuunusa.
Hata nilipokuwa na pua."

Mimi ndiye mbeba magazeti na mbano,
mgeni, lugha yangu haina kazi hapa.
Lakini kwetu tunda hutangulia, mti ukafuata:
ukwaju, ndipo mkwaju;
kunde, ndipo mkunde.
Nikaandika pembeni mwa daftari
herufi moja, M,
na mbele yake nafasi.

Jacirema akafunga kipande cha gome kwenye leso.
Namba 4117. Jamii ya kunde. Jenasi: alama ya kuulizia.
Mvua ikatukuta njiani.

Usiku, kambini, nikamsikia mzee
akimwamsha mpishi, kikombe mkononi:
"Kahawa hii, kijana. Nisaidie.
Kama nini?"