Amri ya Kuachia

Kebo hii haibebi sauti.
Nimelijua hilo miaka thelathini,
na bado, kila ninapoinama nyuma ya meza, tochi mdomoni,
kwanza naiweka sikioni, kama mjinga.
Kimya.
Inabeba habari tu:
noti ya sitini imebonyezwa,
kwa nguvu ya arobaini na tatu,
sasa imeachiwa.
Mjumbe asiyeujua wimbo.

Łódź, Januari, ghorofa ya nne.
Kipasha-joto kinagonga nje ya mpigo.
Nimelisukuma kabati la nguo hadi dirishani
ili vinanda vipate pa kukaa:
kile cha Kijapani nilichonunua juzi, bado kinanuka plastiki,
mashine ya ngoma iliyong'oka kitufe cha tatu,
na kisanduku cha kijivu cha dada yangu Mirka,
kilicholala miaka kumi na mmoja
katikati ya skafu zake.

Toka iende Ingia. Hilo ni la kwanza.
Nimekosea mara mbili: Toka kwa Toka,
ndimi mbili zikisemezana, sikio hakuna.
Kichwa cha kebo kina pini tano;
tatu zinafanya kazi, mbili zimesimama tu
kama wajomba harusini.
Mama, aliyeunga nyuzi kiwandani mpaka vidole vikapinda,
angecheka. Uzi mmoja ukikatika, alizoea kusema,
nguo nzima hutoa ushahidi.

Nikabonyeza Cheza. Taa ikapepesa.
Kimya.
Nilikuwa nimeshashika koleo niikate,
lakini mjumbe hauawi.
Nikatazama chaneli: yeye alituma kwenye ya saba,
mimi nilikuwa nasikiliza ya kwanza.
Ndivyo tulivyoishi, kwa kweli.

Nikageuza. Mbili, tatu, nne.
Saba.

Akaingia Mirka.
Si sauti yake, wala si ala yake
(ile aliiuza mwenyewe, akatengeneze meno);
vidole tu.
Kidole cha pete, kizito kama siku zote.
Kidole cha mwisho, kinachochelewa
tangu mlango wa gari, alipokuwa na miaka tisa,
mlango nilioufunga mimi.
Vinatembea juu ya kinanda
ambacho hakikuwa kimeundwa alipofariki.
Sitini na moja. Hamsini. Hamsini na nane:
nguvu za mkono wake zinapita kiooni kwa tarakimu,
na mashine ya ngoma imekubali kufuata saa yake,
vipigo vidogo ishirini na vinne ndani ya kila pigo,
bila kuuliza mwenye saa yuko wapi.

Kisha, baa ya thelathini na mbili,
alinyanyuka. Labda simu. Labda birika.
Noti ya mwisho imebonyezwa
na amri ya kuachia haimo.
Kinanda, mtumwa mtiifu, kinaishikilia:
La ya chini, nyembamba,
haina pumzi ya kuisha,
haijui kuchoka.

Bi Kostrzewa akagonga ukuta, mara tatu.
Kipo kitufe cha dharura, nyamazisha zote.
Kidole changu kilikuwa juu yake.
Chai ilikuwa imefanya utando.
Akagonga tena, kwa kiatu safari hii.

"Dakika moja," niliuambia ukuta.
"Bado ameishika."