Mlinzi wa Zamu ya Usiku

Baba yangu, Luvsandorj, hulinda magari
ya watu asiowajua majina,
nyuma ya duka la matairi, Ulaanbaatar.
Wamempa tochi, filimbi, na koti
lenye neno USALAMA mgongoni.
Yeye mwenyewe halioni.

Mwaka ule mvua ilinyesha Desemba.
Mvua, si theluji. Tulitoka hemani tukicheka,
mama akakinga sufuria.
Usiku baridi ikarudi kudai chake.
Asubuhi nyika nzima ilikuwa kioo
na nyasi tuliziona chini yake, zimelala,
za manjano, kila unyasi mahali pake,
kama bidhaa dirishani kwa mtu asiye na hela.
"Zud ya kioo," bibi akasema. Hakucheka tena.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Farasi waliinama. Kondoo waliinama.
Walikwangua hadi kwato zikachirizika damu
na mvungu haukufunguka.

Tulivunja barafu kwa shoka, baba na mimi:
shimo la ukubwa wa sinia,
kisha lingine.
Kondoo mia tatu, masinia mangapi?
Mama aliwavika wana-kondoo sweta zetu za shule.
Walikufa wamevaa sare.

Sisi farasi hatuwapi majina, tunawaita kwa rangi.
Mwekundu wa Moshi alikufa amesimama.
Siku mbili tulidhani anapumzika.

Machi akaja karani wa kuhesabu mifugo.
Wino wa kalamu yake ulikuwa umeganda,
akaupasha moto kinywani.
"Wangapi?"
Baba akamwonyesha rundo nyuma ya kilima.
Akauliza tena, maana fomu
ilikuwa na nafasi ya walio hai tu.
"Kumi na tisa."
Akaandika. Akanywa chai. Akasema pole.

Kumi na tisa hawalishi watu sita.

Hema lile lile tumelikunjua huku mjini,
kwenye mteremko wa changarawe,
ndani ya uzio wa milango ya magari mabovu.
Tunachoma makaa ya mawe, kila mtu anachoma,
jua linachomoza saa nne likiwa limevaa barakoa.
Mdogo wangu Tuguldur anakohoa
kama mtu anayegonga mlango wa ofisi.
Zahanati wanauliza: namba ya kiwanja?
Mama anasema, "Geti la buluu lililochubuka."
Hiyo si anwani, wanamwambia.
Mama anasema tena, polepole zaidi,
kana kwamba wao ndio wageni.

Juzi nilimpelekea baba chai ya maziwa na chumvi.
Nikamkuta amesimama kando ya gari jekundu,
limeingia punde, kiganja chake juu ya boneti,
anasikiliza joto likishuka.
"Huyu ametoka mbali," akasema.
Huyu. Hakusema hili.

Nikamshikisha kikombe.
Kitu fulani kilianza kudondoka gizani, chepesi,
naye akaizima tochi, akanyoosha mkono wa pili,
akangoja ajue
kama ni theluji
au ni mvua.