Ngeli

Norwich, Januari. Barafu juu ya vioo,
ndani joto la kununua.
Kazi yangu humu kufagia, kumwagilia, kuzima taa.

Usiku ule Dakta Thwaite akaniita kwenye hadubini:
kiwavi kaling'ata jani la mharadali
na mwanga ukatambaa mishipani,
jani hadi jani,
kama habari ya msiba inavyoruka ua
kabla maiti hajaoshwa.

"Usiseme linalia," akanionya. "Hilo hatulijui.
Tunajua habari imefika."

Nikampigia dada yangu, mwalimu, Tanga:
"Mharadali kaumwa, akawaambia wenzake!"
"Umeumwa, ukaiambia mingine," akasahihisha.
"Mmea si yeye.
Nyuki ni yeye, kiwavi ni yeye, hata kupe."

Hata kupe!
Nikanyamaza. Miaka yote bustanini
nimeuliza nini kimekatika,
sijauliza nani.

Asubuhi maji ya chai yanatokota.
Mnanaa dirishani, mkasi mkononi.
Nilikata; chai bila mnanaa siiwezi.
Ila, Mwanakheri asisikie,
nilipiga hodi kwanza.