Unasema Leo?

Kwanza nazima friji. Ina kikohozi chake
kila baada ya dakika kumi na mbili, nimehesabu.
Funguo za nyumba naziweka humo, juu ya maziwa,
nisiweze kutoka bila kukumbuka kuiwasha.
Mwezi Juni tulitupa kuku mzima na samaki watatu.

Kisha naingia kabatini, navuta mlango.
Makoti, blanketi la wahamisha samani,
mto wa Somoe chini ya kiwiko.
Mvua ya Glasgow haina bati la kupiga,
inanong'ona tu kiooni,
lakini mikrofoni ina masikio ya jirani mbea:
husikia mate, husikia tumbo langu na chai ya jana.

Juu anakaa Bwana Docherty,
aliyekuwa akivaa viatu, nadhani, hadi kitandani.
Nilimpandia na sahani ya vitumbua, nikamweleza.
Siku hizi huniita kutoka ngazini: Unasema leo?
Nikijibu nasema,
huvua.

Kionjo changu cha kwanza, sekunde sitini:
nilijitia mtangazaji wa taarifa ya habari,
nikavimba kama andazi.
Bi Lennox, aliyenifundisha kwa masomo manne
(la tano lilinishinda bei),
alisikiliza, akafuta miwani.
Unahutubia uwanja, alisema. Zungumza na mmoja.
Ndipo nikabandika mlangoni, kwa ndani,
picha ya Bi Rukia wa Pongwe, muuza mafuta ya taa,
asiyependa kuambiwa jambo mara mbili.

Barua mia na kumi na nne nilituma.
Saba zilijibiwa. Nne zilisema asante.
Mbili, labda mwakani.
Mmoja alitaka sauti ya Kiafrika,
yenye joto, yenye jua ndani yake.
Nikamwuliza: jua la saa ngapi?
Hajajibu hadi leo.
Mwingine, baadaye, paundi tano kwa maneno elfu.
Kuuliza si ujinga, nilimwandikia,
ila wewe hukuuliza.
Kisha nikaifuta, nikaandika kwa adabu,
kwa sababu kodi haina adabu.

Kazi iliyoingia ilikuwa ya zahanati.
Sentensi sita.
Kwa Kiswahili, bonyeza sita.
Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri.
Ankara niliituma mara tatu,
malipo yakaja siku ya sitini na moja,
nikanunua kichujio cha pumzi, kile cheusi,
na viatu vya Somoe.

Januari akashikwa na homa.
Saa mbili asubuhi, ngazini, kwenye mtandao mzuri,
mtoto mapajani kama mkate uliotoka tanurini,
nikapiga. Nikabonyeza sita.
Nikajikuta naniambia nisubiri.

Dakika kumi na moja nilikaa na yule mwanamke.
Ametulia kweli. Hana mtoto.
Kwenye "subiri" anatua pasipo pa kutua,
na ile "ri" anaimeza kama kidonge.
Lakini lililoniuma si hilo.
Alisema muhimu
kama mtu anayeamini.

Somoe akafumbua jicho moja.
Mama, huyo ni wewe.
Mwambie aharakishe.

Walituona saa nne. Sikio tu, dawa ya matone.
Bwana Docherty alibisha jioni na supu kwenye chupa ya chai,
akauliza mbona leo kimya.

Siku ya tatu nilizima friji.
Bi Rukia nikamgeuza uso ukutani, anisamehe,
nikasema neno moja tu,
mara ishirini na mbili,
kwa mtu aliyekaa ngazini.
Ya kumi na tisa ndiyo yenyewe.
Nikawatumia: marekebisho, bila malipo.
Hawajajibu. Faili lipo.

Funguo zimepata baridi juu ya maziwa.
Huko juu, kiatu kimoja,
kisha cha pili,
vinawekwa chini polepole.