Spika ya Ndani

Ruwi, ghorofa ya pili, kiyoyozi kinakoroma.
Ndani ya kompyuta ya mezani
mna spika, kitako cha kikombe cha kahawa,
na humo Baba,
aliyeadhini bila kipaza Wete nzima ikageuka,
anatoka mwembamba: nyuki koponi.

Besi haimo. Naijaza mwenyewe, kwa kukumbuka.

Muhanna, mtoto wa jirani, akacheka:
"Bi Zuwena, hii imewekwa ipige bipu tu."
Akaniletea mbili nyeusi, riali kumi na nne.

Sauti ikajaa chumba, vioo vikatetema.
Nikasikia, baina ya salamu na salamu,
kifua kikikwaruza,
pumzi ikitafuta pa kushika.
Kumbe alikuwa keshaugua, na hakusema.

Nimezichomoa.
Nirudishie nyuki wangu.