Bado Tuko kwenye Mshipa

Wete, ghorofa ya juu, feni inazunguka kwa kujilazimisha.
Tuko watatu: mimi karani, Shaame wa mashine ya umeme wa ubongo,
na Zuwena Faki aliyekuja kutoka Unguja na kompyuta yake begani.
Kazi inaelezeka kwa pumzi moja:
kila kitu kiwe na jina, na kila jina lijue kitu chake.
Tulianza Jumatatu.
Leo Alhamisi. Bado tuko kwenye mshipa.

Mshipa, anasema Shaame, ni wa damu.
Mshipa, anasema Zuwena, ni wa fahamu, hata shuleni tulifundishwa.
Mimi namkumbuka babu yangu wa Kengeja, alikuwa na mshipa,
akikaa upandeupande, nasi watoto tukijua hapaulizwi.
Na yule dereva wa lori la makonyo,
"Mshipa wanipanda kichwani," akasema,
akapitisha kidole kutoka shingoni hadi nyuma ya jicho,
na mimi, kwa mkono wangu huu, nikaandika: mshipa.
Kompyuta ikamtia kapu moja na babu.

Daftari la Konde linasema kifafa.
La Kengeja linasema kuanguka.
La Micheweni, kwa kalamu nyekundu, degedege,
hata kwa mtu mwenye wake wawili na ndevu.
Na lipo moja lisilo jalada, limeandikwa tu: ndiyo yale yale.
Yapi, jamani?

Zuwena akachora mti ubaoni, mizizi juu.
Hiki ni aina ya kile. Kile ni sehemu ya hiki.
Kidole ni sehemu ya mkono: tukaitikia.
Doriani ni aina ya tunda: tukaitikia, Shaame akakunja pua.
Na kuanguka je? Ni sehemu ya maradhi,
au ni kishindo cha mlango maradhi yakishatoka?
Chaki ikabaki hewani.

Mwisho tukapatana: kitu kipewe namba,
majina yakae mbele yake kama viatu mlangoni pa msikiti,
kandambili, makubadhi, raba ya mguu mmoja,
hakuna kinachofukuzwa, mradi tujue mwenyewe yumo ndani.
Tukaona tumemaliza. Tukaagiza urojo.

Ndipo akaingia Bi Asaa na mwanawe Mbarouk, miaka tisa.
"Ntoto wangu kachukuliwa."
Shaame keshaunyoosha mkono: weka kwenye kifafa, twende.
"Haanguki," akasema mama. "Hajaanguka hata siku moja.
Huchukuliwa. Macho wazi, kijiko mkononi.
Kisha hurejeshwa, lakini si palepale. Pembeni kidogo."

Tukambandika nyaya, mtoto akacheka, gundi ya baridi.
Kalamu za umeme zikatembea, zikatembea, kama mtu anayekwenda dukani.
Mara, upande wa kushoto, juu ya sikio,
mawimbi yakasimama wima, sekunde kumi na saba,
na Mbarouk akautazama ukuta
kama aliyesomewa barua isiyokuwa yake.
Kisha akauliza: "Mmesema nini?"
Hatukuwa tumesema kitu.

Nikapekua orodha yetu yote, maneno mia mbili na kumi.
Halikuwamo.
Siku nne tumeketi na kamusi tatu na chaki,
na neno lenyewe lilikuwa likitia maji ndooni huko Kojani.
Zuwena akaandika *kuchukuliwa*, akalipa namba yake peke yake,
na pale panapotakiwa chanzo, akaandika: Asaa Kombo, mama.
Bi Asaa akauliza kama hiyo namba inatibu.
Tukasema hapana.
Lakini dawa itajua wapi pa kuteremka.
Akatutazama. Sidhani kama alituamini.

Alasiri imeadhiniwa.
Mshipa sasa una namba nne: wa damu, wa fahamu,
ule wa nyama unaokaza ukinyanyua gunia,
na ule wa babu.
Ya tano tumeiacha tupu, kwa ajili ya dereva.
Tumempigia simu. Yuko Mkoani, anapakia.